Siku ya Wawelisi Kijijini Kwetu

Mwanangu, siku nyingi za ujana wangu zimenitoka kama maji viganjani, lakini iko moja iliyokataa kunitoka. Nakumbuka ilikuwa alasiri, mvua za masika hazijaanza, nasi wanawake wa kijiji tumeketi uani mwa zahanati tukimtazama mzungu aliyejibandika jani la mboga kifuani. Siku ile nyanya yangu aliniuliza swali mbele ya watu, nikakosa jibu. Sogea karibu na jiko nikusimulie. Usinikimbize, maana jambo lenyewe lilichukua muda wake kutokea, nalo litachukua muda wake kusimuliwa.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Sisi tuliiita Emajensi. Kabla yake kila mji, yaani boma la kila mtu, ulikuwa kwenye shamba lake, huku Meru, kwenye miteremko upande wa Kanyakine, migomba mbele ya nyumba na viazi vikuu nyuma. Serikali ikaja ikatuhamisha. Nyumba zikachomwa, tukakusanywa kijiji kimoja, vibanda vimepangwa mistari kama mahindi. Pembeni ulisimama mnara wa miti, na juu yake mlinzi mwenye bunduki. Kijiji kizima kilizungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na handaki hilo tulilichimba sisi wenyewe, wanawake, kwa sababu wanaume wengi hawakuwapo. Wengine walikuwa msituni, wengine kizuizini. Baba yangu alikuwa kizuizini. Ulitoka kijijini kwa kibali na kurudi kwa filimbi. Watu kukusanyika bila ruhusa lilikuwa kosa, na hata ukiimba ukitwanga, mlinzi angeuliza unamwimbia nani.

Mimi, Kagendo, nilikuwa msichana aliyemaliza shule ya misheni. Nilijua Kiswahili na Kiingereza kidogo, basi nikapewa kazi kwenye zahanati ya misheni iliyojengwa karibu na lango la kijiji. Niliosha vidonda, nikakunja bendeji, nikatafsiri maneno ya wagonjwa. Mkuu wa zahanati alikuwa mwanamke mzungu, muuguzi, mfupi wa kimo na mwepesi wa miguu. Jina lake lilikuwa Gwen, nasi tukamwita Sista Gweni. Kimeru chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini hakuona haya kukisema.

Ukimsikia mzungu siku zile, ulidhani wote wametoka tumbo moja. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku moja nilipomwita Mwingereza. Alikuwa akimwosha mtoto kwenye beseni. Akageuka, akaniuliza:

"Kagendo, mtu akikuita Mkamba, utasemaje?"

"Nitamwambia mimi ni Mmeru, Sista."

"Basi. Mimi si Mwingereza. Mimi ni Mwelisi."

Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo. Ndipo alipoanza kunisimulia habari za watu wake, kidogo kidogo, tulipokuwa tukikunja bendeji. Aliniambia kwao ni Welisi, nchi ya milima na mvua, na kwamba watu wake walikuwa katika kisiwa kile kabla ya Waingereza kuja. Walisukumwa hadi milimani. Wafalme wa Waingereza wakawajengea ngome za mawe katikati ya nchi yao, zenye minara mirefu, ili wawaangalie wasiinuke. Lugha yao ni nyingine kabisa. Nyanya yake Sista, alipokuwa mtoto shuleni, akisikika akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha ubao chenye kamba. Akimsikia mwenzake akikosea hivyo hivyo, ubao ulihamia kwa huyo. Jioni, aliyebaki nao ndiye aliyechapwa.

Mwanangu, nilipoyasikia hayo niliiacha bendeji ikafunguka mpaka sakafuni. Kwa sababu shuleni kwetu, kule bwenini, ubao ulikuwapo pia. Niliuvaa mimi kwa kusema "nina njaa" kwa Kimeru. Sikujua kwamba kuna mzungu ambaye nyanya yake aliuvaa.

"Na lugha yenu ilipotea?" nikamuuliza.

"Haikupotea. Tuliificha mahali ambapo hawakufikiria kuitafuta. Tuliiweka kwenye kuimba."

Akanieleza. Babu yake alikuwa mchimba mawe ya kuezekea nyumba, huko kwenye mlima wao. Wakati wa chakula wachimbaji waliingia kibanda cha mawe, wakala mkate wao, na hapo hapo wakashindana kwa mashairi na nyimbo na kukumbushana mambo ya kale. Kanisani waliimba kwa lugha yao. Na mara kwa mara watu wa mahali pengi walikusanyika pamoja, wazee kwa watoto, wakashindana kuimba na kutunga. Mshindi wa utungaji hakupewa ng'ombe wala shamba. Alipewa kiti kilichochongwa vizuri, akaketishwa mbele ya wote akashangiliwa.

Nilicheka. "Kiti tu, Sista?"

"Kiti tu. Lakini kwetu mtu hufa akikitamani."

Wawelisi, akasema, wana siku yao ya mwaka, siku ya mtakatifu wao, na siku hiyo mtu huvaa jani la liki. Liki ni mboga ndefu, binamu wa kitunguu, naye Sista alikuwa amepanda tuta zima nyuma ya zahanati. Mwaka ule alitamani kuisherehekea pamoja nasi. Akaenda kwa D.O., ofisa wa wilaya, kuomba ruhusa. Huyo D.O. alikuwa kijana wa Kiingereza, ndiye serikali yetu ya karibu. Sista alisema kijana huyo alicheka sana, akamwambia asherehekee na vitunguu vyake, mradi hedimani awepo na yote yaishe kabla ya filimbi ya jioni.

Hedimani wetu aliitwa M'Rimberia. Alisimamia walinzi wa kijiji, akafunga utepe mwekundu mkononi, na filimbi haikumtoka shingoni. Hakuwa mtu katili, lakini alikuwa mtu aliyeogopa, na mwenye hofu na mwenye rungu wakiwa mtu mmoja, kaa naye mbali.

Sista alinichagua mimi niwasimulie watu historia ya Wawelisi kwa Kimeru. Majuma mengi alinifundisha. Nilijifunza majina ya milima yao, sababu ya ngome zao, na habari za ubao na za kibanda cha wachimbaji. Alinifundisha na wimbo mmoja wa kanisani kwao, wenye sauti inayopanda kama mtu apandaye kilima akapumzika juu. Sikuelewa maneno, lakini sauti ilinikaa kifuani. Nikawafundisha wasichana wawili watatu wa zahanati, tukauimba kwa sauti mbalimbali.

Siku ikafika. Supu ya liki na viazi ilitokota kwenye debe kubwa. Sista akatokea na jani la liki kifuani, limefungwa kwa pini. Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Leo Sista amevaa mchuzi!" Sista akaelewa, akacheka kuliko wote. Katikati ya ua aliweka kiti chake cha ofisini, kile chenye mikono, akasema atakayesimulia vizuri atakikalia.

Nikasimama. Mwanangu, Mungu alinipa ulimi siku ile. Niliwasimulia wakanyamaza mpaka watoto wa mgongoni. Nilipotaja ngome zilizojengwa katikati ya nchi ya watu ili wenyewe waangaliwe, macho yote yaliinuka polepole yakautazama mnara wetu wa miti. Kisha yakashuka. Nilipotaja ubao wa shingoni, mama mmoja akasema, "Uuui, hata wao?" Tukaimba ule wimbo, na mwisho wake watu wakapiga vigelegele. Sista alikuwa akijifuta machozi kwa aproni.

Nikaanza kukiendea kiti. Nani mwingine angekikalia?

Ndipo nyanya yangu akainuka. Kwetu nyanya huitwa Kaaka, na mimi sikumjua kwa jina jingine. Alikuwa mwembamba kama ufito, mgongo umeanza kupinda, lakini sauti yake ilikuwa bado ya mwanamke anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kagendo," akasema, "umetusimulia vizuri. Umetueleza watu wa Sista walikotoka, nani aliwasukuma, na walivyoificha lugha yao. Kazi nzuri. Sasa mgeuzie Sista uso, umweleze na sisi tulitoka wapi."

Nikafungua kinywa. Nilijua sisi ni Wameru. Nilijua neno Mbwaa, kwamba wazee hulitaja. Nilijua kulikuwa na maji. Baada ya hapo ilikuwa giza tupu. Shuleni nilisoma mito ya Ulaya, na nyumbani jioni Kaaka aliposimulia, nilikuwa nimeshika kitabu.

"Sijui, Kaaka," nikasema.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinikaribia, akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole, ila kila mtu alisikia: "Mtoto anayejua mji wa jirani na hajui mji wa mamake, akitumwa usiku atalala njiani. Kaa chini, mama. Sikiliza."

Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema. Mimi sikuwa nimekataa kwetu. Sikuwa nimeuliza tu. Lakini nakwambia, mwanangu, anayekataa na asiyeuliza hufika mahali pamoja.

Kaaka akakikalia kile kiti, akaanza. Akasimulia Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji upande jua linakochomoza, na jinsi watu wetu walivyotawaliwa huko na watu wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Mmoja ulikuwa kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na manyoya chini. Wazee wakakaa wakafikiri, wakakipata, jinsi walivyokipata ni hadithi ya siku nyingine. Mitihani ikazidi, mpaka wakaona kwamba nia ya watawala ni kuwamaliza. Ndipo mzee mmoja akawaongoza wakatoroka, wakafika majini, akayapiga maji kwa fimbo yake, wakavuka. Sista alikuwa amesogeza kigoda mpaka miguuni pa Kaaka, mikono kwenye magoti, kama msichana.

"Wakavuka," Kaaka akasema, "na wale wa nguo nyekundu wakabaki ng'ambo wakipiga kelele..."

Filimbi ikalia.

Alikuwa M'Rimberia, amesimama nyuma ya watu, mkono wenye utepe mwekundu umeinuliwa. "Imekwisha! Kila mtu kwake! Mambo ya kutoroka watawala hayasemwi hapa!"

Tukatawanyika, supu nusu debe ikabaki. Asubuhi yake askari wakaja kumchukua Kaaka.

Kituo cha D.O. kilikuwa mwendo wa saa nzima. Sista alivaa kofia yake, akaniambia, "Twende." Moyo wangu ulikuwa ukinieleza mambo mengi, na yote yalikuwa mabaya. Tuliwajua wanawake waliochukuliwa kwa maneno machache kuliko yale, wakapelekwa kambi za mbali, na wengine hawakurudi.

Tukamkuta Kaaka ameketi chini, mbele ya meza ya D.O. M'Rimberia alikuwa amekwisha kueleza upande wake: kwamba mwanamke huyu amewafundisha watu wawatoroke watawala, na kwamba nguo nyekundu ni utepe wa walinzi wa serikali. D.O. akanitazama.

"Wewe unajua Kiswahili? Huyu mama alisema nini? Sema kweli tupu."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotamani kudanganya. Nilikuwa nimejipangia njiani: ningesema ni mzee, akili zimemtoka, alikuwa akibwabwaja hadithi za fisi na sungura. D.O. angecheka, angemwachilia. Nadhani Kaaka aliyasoma hayo usoni mwangu, kwani alinena kwa Kimeru, pole pole, bila kuinua kichwa:

"Kagendo, usiniokoe kwa kunifanya mjinga. Sema nilivyosema. Ukikosea kidogo si neno, lakini usiitupe habari yetu."

Nikamsimulia D.O. habari za Mbwaa, kwa Kiswahili, neno kwa neno kama nilivyozisikia jana yake. Nilimtajia maji, nguo nyekundu, kiatu chenye manyoya pande mbili, fimbo. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipofika pale filimbi ilipolia, nikanyamaza, kwa maana sikujua kilichofuata.

D.O. aligonga meza kwa kalamu. "Hawa watu wa nguo nyekundu ni nani?"

Nikamtafsiria Kaaka. Akainua uso, akamtazama kijana yule bila chuki.

"Mwambie sikuwaona. Nyanya yangu hakuwaona, wala nyanya ya nyanya yangu. Habari hii ilikuwa ya kale kabla baba wa kijana huyu hajazaliwa. Kama nguo nyekundu inamwasha mtu, aulizwe mwenyewe kwa nini inamwasha."

Nilitafsiri, ila ile sentensi ya mwisho niliilainisha kidogo. Mungu anisamehe. M'Rimberia, aliyeielewa yote, aliukunja mkono wake nyuma ya mgongo.

Kisha Sista akasema na D.O. kwa Kiingereza, nami nikayafuata maneno kwa shida. Alimwambia, "Jana msichana huyu aliwasimulia watu jinsi babu zako walivyowatawala babu zangu. Hukunikamata mimi. Ulicheka ukasema nisherehekee na vitunguu vyangu. Kama historia yangu ni sikukuu, ya bibi huyu ni kosa kwa nini?"

D.O. aligeuka akatazama dirishani. Nje, askari alikuwa akipasua kuni. Mwisho akatoa uamuzi wake. Kaaka hatapelekwa kambini. Lakini mikusanyiko uani mwa zahanati imepigwa marufuku, ya Wawelisi na ya kila mtu. Na ili iwe fundisho, bibi huyu atafanya kazi ya handaki pamoja na wanawake vijana, ijapokuwa umri wake ulikuwa umemtoa katika kazi hiyo.

Adhabu ya Sista haikutamkwa pale. Ilikuja baadaye, kimyakimya. Wakubwa wake waliandikiwa, akahamishwa kwenda upande wa Embu, hospitali moja karibu na Manyatta. Alipokuja kutuaga alimkumbatia Kaaka, jambo ambalo hatukuwahi kuona mzungu akilifanya. Akamwambia kwa kile Kimeru chake cha kuchechemea, "Hukumaliza. Mlipovuka, mlikwenda wapi?"

Kaaka akamwambia, "Kagendo atakumalizia ukirudi. Atakuwa ameijua."

Unaona alivyonifunga? Ahadi yake, mzigo wangu.

Basi tukaingia handakini. Mvua zilikuwa zimeanza, kingo zilikuwa zikiporomoka, ikabidi kila siku udongo utolewe. Walio chini walichimba, wengine wakasimama kwenye ngazi za udongo, karai likapita mkono kwa mkono hadi juu. Niliomba zamu zangu za zahanati zipangwe asubuhi ili mchana nimsaidie Kaaka. Siku ya kwanza alichimba kidogo, akaegemea jembe, akahema. Nikadhani ameshindwa. Akasema, "Sista alisema babu yake aliimba na kusimulia wapi?"

"Kwenye machimbo ya mawe, Kaaka. Wakati wa chakula."

Akatazama kuta za udongo pande zote mbili. "Nasi tumepewa machimbo yetu," akasema.

Akaanza pale filimbi ilipomkatiza. Walipovuka maji walikwenda wapi, walipumzika mto gani, walijigawa koo vipi, nani alipanda mlima na nani alibaki nyika. Alisimulia kwa mwendo wa kazi, kipande kwa kila karai. Tukalipokea karai, tukalipokea na neno, tukalirudia kwa anayefuata. Aliyekosea alirudishiwa. Ilipokwisha ya kwetu, wanawake wakasema, "Kagendo, lete na ile ya Sista." Nikaileta. Tukaimba na wimbo wa Wawelisi, kwa maneno ya Kimeru tuliyoyatunga wenyewe ya kumshukuru Mungu, maana wimbo wa kanisa haukukatazwa. Nani angejua? Kila mmoja alisikia wanawake wakimsifu Bwana shimoni.

M'Rimberia alijua. Alisimama ukingoni kila siku, rungu kwapani, akisikiliza. Tuliogopa. Lakini filimbi haikulia. Kisha siku moja Kaaka alikuwa akitaja koo jinsi zilivyofuatana zikivuka, akachoka, akaruka mmoja. Sauti ikatoka juu:

"Umewaacha watu wangu."

Makarai yakasimama. Tukainua macho. M'Rimberia alikuwa amechutama ukingoni, uso wake tofauti kabisa, uso wa mtu aliyesahauliwa nyumbani.

Kaaka akamtazama. "Kweli. Wataje wewe."

Akaangalia nyuma kama kuna askari. Hakukuwa na mtu. Akawataja, ukoo wake na mzee aliyeuongoza na walichobeba walipovuka, kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa na babake. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akaondoka kwa haraka. Tangu siku hiyo, askari wa serikali wakikaribia, M'Rimberia alikohoa kwanza. Sisemi alikuwa mtakatifu. Nasema alikuwa Mmeru, na alikumbuka hivyo aliposikia jina la ukoo wake limeachwa.

Kaaka hakuuona uhuru. Alifariki kijiji kile kikianza kuvunjwa, watu wakirudi mashambani. Lakini kila mwanamke aliyetoka handakini alirudi kwake na historia mbili, yetu na ya Wawelisi, akazisimulia kwenye kazi za zamu, kupalilia, kuezeka, kumenya mahindi, na kwenye mikutano ya akina mama kanisani. Ule wimbo bado tunauimba Kanyakine. Wajukuu zangu wa Makutano, wale wanaoongea Sheng ya vijana wa mjini, huuimba wakidhani ni wa kwetu tangu zamani. Mimi huwaambia: si wa kwetu, tulipewa, na aliyetupa ana jina.

Sista sikumwona tena. Alifia kwao. Ila miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto waliooa, alikuja mgeni. Mwanamke wa makamo, mtoto wa ndugu yake Sista. Alikuwa akitafuta mahali shangazi yake alipofanyia kazi. Tukamkaribisha, akina mama tukavaa sare zetu, tukampikia, tukamwimbia ule wimbo. Akashika mdomo. Nikamsimulia habari za ngome, za ubao wa shingoni, za kibanda cha wachimbaji. Nilidhani namkumbusha. Nilipomaliza, alikuwa akilia.

"Sikuwahi kuambiwa," akasema. "Baba alihamia mji wa Waingereza. Alitaka tusahau. Huo ubao, ulikuwa wa nyanya ya baba yangu?"

"Wa nyanya ya shangazi yako, ndiyo," nikamjibu. "Ni mtu wenu."

Akaniomba nianze tena, tangu mwanzo. Nikaanza tena. Na kwa sababu shangazi yake alikuwa ameniachia swali, nikamsimulia na Mbwaa, yote, mpaka tulipofika mlimani. Jioni ilitukuta tukiwa bado tumekaa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile nilielewa kwamba hata mgeni hupona kwa mwenyeji.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Historia ya watu haitunzwi kwa kufungiwa. Hutunzwa kwa kugawiwa, watu wakiwa pamoja, mikono ikiwa na kazi na vinywa vikiwa na wimbo. Waulize wazee wako wakiwa hai, uwaulize kwa lugha yao, wala usingoje matanga ndipo uanze kutafuta anayejua. Historia ya mwenzako ukipewa, ipokee kwa mikono miwili, uitunze kama yako, kwa maana huenda mtoto wake akaja kuitafuta kwako. Na ukilazimishwa kuchagua kati ya kuitupa na kuitetea, usimfanye mzee wako mjinga ili uokoke. Sema alivyosema.

Inama nikubariki. Mungu wa mlima akupe masikio ya kusikia na ulimi wa kusimulia. Uende mbali, na huko mbali ulizwe ulikotoka, nawe uwe na la kujibu. Ng'ombe wako wazae, mashamba yako yanyeshewe kwa wakati, watoto wako wajue majina ya waliowatangulia. Nawe ukizeeka, usikose wa kukusikiliza. Na iwe hivyo.